Kupima hatari ya kifafa cha mimba mapema: damu, presha na hesabu za wiki ya 11 hadi 13

Kipimo cha damu cha mapema kina kazi moja tu: kumpata mama anayehitaji aspirini ya kuzuia kifafa cha mimba wakati kondo la nyuma bado linajijenga kwenye ukuta wa mfuko wa uzazi. Wiki ya 16 ikishapita, faida ya aspirini hupungua sana. Kwa hiyo kabla kituo hakijaagiza vitendanishi, kijiulize mambo mawili. Je, akina mama wanafika kliniki kabla ya wiki ya 14? Je, aspirini ya 75 mg ipo dirisha la dawa? Jibu likiwa hapana kwa lolote kati ya hayo, fedha hizo zikanunue kwanza mashine nzuri za presha na vitambaa vya mkono vya saizi tatu.

Ugonjwa tunaoutafuta ni priklampsia: presha inayopanda baada ya wiki ya 20, pamoja na protini kwenye mkojo au dalili kwamba figo, ini au chembe sahani za damu zimeathirika. Ikiachwa, inaweza kuishia kwenye degedege lenyewe, ambalo ndilo kifafa cha mimba. Mbegu ya tatizo hupandwa miezi mingi kabla ya dalili. Mishipa ya damu inayolisha kondo haikupanuka inavyotakiwa, na kondo lenye njaa ya damu hutoa protini zake kwa kiwango tofauti na kawaida. Tofauti hiyo ndiyo tunayoipima.

Protini gani, na ipi si ya wakati huu

Ya kwanza kwa umuhimu ni PlGF, protini ya kondo inayochochea ukuaji wa mishipa ya damu. Kwa mama atakayepata priklampsia, hasa ile ya kabla ya wiki ya 37, kwa kawaida PlGF huwa chini tangu wiki ya 11. Ya pili ni PAPP-A, ambayo hospitali nyingi zinaijua kwa sababu hutumika kuchunguza kasoro za kromosomu. Nayo hushuka, lakini ikiwa peke yake haimkamati mama wa kutosha. Kama bajeti inaruhusu protini moja tu, chagua PlGF. Kama PAPP-A inapimwa tayari kwa sababu nyingine, itumie, ila usiipe kazi isiyoiweza.

Kuna kosa linalojirudia sana: kuagiza uwiano wa sFlt-1, protini nyingine ya kondo inayoizuia PlGF, kwa PlGF katika wiki ya 12, halafu kuusoma kwa kikomo cha 38. Kikomo hicho ni cha mama aliyevuka wiki ya 20 ambaye tayari anashukiwa, labda kwa presha, kichwa kuuma au mtoto mdogo. Uwiano wa 38 au chini humtuliza daktari kwamba kwa wiki moja ijayo ugonjwa hautarajiwi. Katika wiki ya 12 PlGF bado iko chini kwa maumbile, hivyo uwiano unaweza kuonekana mkubwa kwa mama mzima kabisa. Mtamtisha bure.

Siku ya kipimo

Anza na umri wa mimba, na uupate kwa utrasaundi, si kwa tarehe ya hedhi pekee. Mtoto apimwe urefu kutoka utosini hadi makalioni. Unaokubalika ni milimita 45 hadi 84, yaani wiki 11 hadi wiki 13 na siku 6. Hapa hakuna mjadala, kwa sababu PlGF na PAPP-A hupanda kila siku katika wiki hizi, PAPP-A kwa kasi zaidi. Mama wa wiki 11 akiandikwa wiki 13, damu yake italinganishwa na ya walio mbele yake. Ataonekana ana upungufu na atapewa hatari ambayo si yake. Akiandikwa nyuma, hatari yake itafichika, na hilo ni baya zaidi.

Kisha historia. Usimuulize mama kama aliwahi kupata priklampsia, maana wengi hawakuwahi kuambiwa jina la ugonjwa. Muulize hivi: "Kuna mimba uliyolazwa kwa sababu ya presha? Kuna mtoto uliyezalishwa kabla ya wakati? Alizaliwa mimba ikiwa na miezi mingapi? Mama yako mzazi alipata presha au degedege akiwa mjamzito?" Ongeza kisukari, presha ya siku zote, lupasi au ugonjwa wa damu kuganda ovyo, sigara, kama mimba ilipatikana kwa kupandikiza, na miaka iliyopita tangu uzazi wa mwisho. Uzito na urefu vipimwe siku hiyo hiyo. Usinakili uzito wa kadi ya zamani.

Presha ndiyo sehemu inayoharibiwa zaidi, ingawa kila mtu anaamini anaijua. Mama akojoe kwanza, akae dakika 5 bila kuongea, mgongo umeegemea kiti, miguu chini bila kukunja nne, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Pima mzunguko wa mkono kwa futi kamba: chini ya sentimita 22 tumia kitambaa kidogo, 22 hadi 32 cha kawaida, 33 hadi 42 kikubwa. Kitambaa kidogo kwenye mkono mnene kitakupa presha ya juu ambayo haipo. Pima mikono yote miwili, mara mbili kila mkono, ukiacha dakika moja katikati, na uandike namba zote nne kama zilivyo. Kuzungusha 118 kuwa 120 kunaonekana jambo dogo, lakini hesabu inayofuata inasikia tofauti ya milimita mbili tatu.

Tunachotafuta hapa ni presha ya wastani wa mishipa. Chukua ya chini, ongeza theluthi ya tofauti kati ya ya juu na ya chini. Mama mwenye 118/74 ana tofauti ya 44. Theluthi yake ni 14.7, jumla 88.7. Mashine iwe imethibitishwa kwa wajawazito, kwa kuwa nyingi za madukani hupotoka kwa mjamzito, na hupotoka zaidi akiwa na priklampsia.

Kama kuna mtaalamu wa dopla, yaani utrasaundi inayopima mwendo wa damu, apime mtiririko wa ateri za mfuko wa uzazi, kulia na kushoto, usawa wa mlango wa ndani wa kizazi. Dirisha la kupimia liwe milimita 2, pembe isizidi nyuzi 30, kasi ya juu ya damu ivuke sentimita 60 kwa sekunde. Ikiwa chini ya hapo, huenda ameshika mshipa mwingine. Achukue mawimbi matatu yanayofanana, kisha wastani wa pande mbili. Asiyefundishwa kazi hii asiifanye. Dopla mbovu inaharibu hesabu nzima, na bila dopla kabisa hesabu bado inasimama.

Damu na maabara

Mama hahitaji kufunga kula. Muulize kama anakunywa vidonge vya kurembesha nywele na kucha, kwa kuwa vingi vina bayotini ya kiwango cha juu. Baadhi ya mashine hutumia bayotini ndani ya kipimo chenyewe, na ile iliyo kwenye damu ya mama huishusha PlGF kwa uongo. Akikubali kwamba anavitumia, soma karatasi ya vitendanishi vyenu uone asubiri saa ngapi tangu dozi ya mwisho.

Toa mililita 5 kwenye kichupa cha seramu, chenye kifuniko chekundu au cha njano. Usitumie kile cha zambarau kwa PAPP-A. Dawa iliyomo hunyakua madini yanayoishikilia protini hiyo, na jibu hutoka la chini mno. Kuna mashine za PlGF za kando ya kitanda ambazo, kinyume chake, hutaka kichupa hicho hicho cha zambarau, lakini hizo zilitengenezwa kwa mama wa baada ya wiki ya 20 na namba zake haziingii kwenye hesabu hii.

Kiache kichupa kimesimama dakika 30 damu igande vizuri. Ukiharakisha, nyuzi za damu isiyoganda huziba sindano ya mashine. Izungushe dakika 10, kisha hamisha seramu kwenye kichupa kingine kabla ya kusafirisha. Kosa la vituo vidogo ni kuituma damu nzima kwenye gari la mchana, ikitikisika kwenye joto. Inafika nyekundu, chembe zimepasuka, na maabara inaikataa. Damu hupasuka pia pale anayetoa anapoikamua kwa nguvu kutoka kwenye bomba kupitia sindano nyembamba. Seramu isafiri kwenye boksi la baridi, nyuzi 2 hadi 8. Ikibidi kukaa siku nyingi, igandishwe kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri au baridi zaidi, na isiyeyushwe na kugandishwa tena.

Kila kichupa kiandikwe jina, namba ya kliniki, tarehe na saa. Maabara iendeshe sampuli za kudhibiti ubora kila siku ya kazi kabla ya kugusa damu ya mama yeyote. Tena isichanganye mashine: PlGF ya 30 kwenye mashine ya Roche si sawa na 30 kwenye Kryptor au Delfia. Mkibadilisha mashine, badilisheni na chaguo la mashine kwenye kikokotoo cha hatari (tutakieleza hapa chini) siku hiyo hiyo.

Kutoka namba hadi hatari

Namba ya PlGF ikiwa uchi haina maana. Hugeuzwa kwanza kuwa MoM, yaani kipimo cha mama kilichogawanywa kwa kipimo cha katikati cha wajawazito wanaofanana naye. Tuseme mama wa wiki 12 na siku 3, mtoto ana milimita 60, ana PlGF ya 24, na wanaofanana naye wana 40 katikati. 24 kugawanya kwa 40 ni 0.6 MoM. Hapo ndipo tunasema iko chini.

Wanaofanana naye kwa nini? Kwa wiki, uzito, asili, sigara, kisukari, idadi ya watoto tumboni, njia ya kupata mimba, na mashine iliyotumika. Mama mnene ana damu nyingi, protini huchanganyika na kuonekana chache. Mvutaji sigara PlGF yake hupanda. Mapacha huleta protini nyingi zaidi. Na jambo linalotuhusu moja kwa moja sisi: wanawake wenye asili ya Afrika wana PlGF na PAPP-A za juu zaidi kwa maumbile, huku hatari yao ya priklampsia ikiwa kubwa zaidi pia. Kikokotoo kikiachwa kwenye chaguo la Mzungu, kama kinavyoweza kufunguka chenyewe, mama wa Tanga au Kisumu ataonekana ana PlGF nzuri tu, na onyo litapotea.

Kikokotoo kinachotumika zaidi ni cha Fetal Medicine Foundation ya London, taasisi iliyoanzishwa na Profesa Kypros Nicolaides. Kiko wazi mtandaoni bila malipo. Huanza na hatari itokanayo na historia, kisha huisogeza juu au chini kwa presha, dopla, PlGF na PAPP-A. Kisichopimwa huachwa wazi, usijaze 1.0 kwa kubahatisha.

Vyote vikitumika, historia, presha, dopla na PlGF, takriban robo tatu ya akina mama watakaopata priklampsia kabla ya wiki ya 37 hukamatwa, kwa gharama ya kuwaita mama 10 kati ya 100 kuwa wa hatari. Ile inayokuja wiki ya 37 na kuendelea hukamatwa chini ya nusu. Kwa hiyo jibu zuri la wiki ya 12 halimwondolei mtu haki ya kupimwa presha kila hudhurio.

Maabara ikishakusanya sampuli kama mia, itazame MoM ya katikati ya wote. Inatakiwa izunguke 1.0. Ikishuka hadi 0.85 mwezi mzima, tatizo si akina mama. Tafuta vitendanishi vipya, friji iliyozima usiku, uzito ulioandikwa kwa kukisia au tarehe za mimba zisizo sahihi.

Kumpa mama majibu

Kikomo cha kumwita mama wa hatari kubwa kilichotumika kwenye utafiti wa aspirini uitwao ASPRE, uliochapishwa 2017, ni 1 kati ya 100. Angalia namba zisigeuke kichwani: 1 kati ya 60 ni hatari kubwa kuliko 1 kati ya 200. Tumeona fomu zikipangwa kinyume kwa sababu 200 inaonekana kubwa.

Katika utafiti huo, wanawake 1,776 wa hatari kubwa waligawanywa: wengine walipewa aspirini 150 mg kila usiku, wengine kidonge kisicho na dawa. Priklampsia ya kabla ya wiki ya 37 iliwapata asilimia 1.6 ya waliopewa aspirini na asilimia 4.3 ya wasiopewa. Namba hizo zinatosha kumtuliza mama na kumsukuma kwa pamoja. Unaweza kumwambia: "Mama, hili si jibu la ugonjwa. Kati ya wanawake 100 wenye jibu kama lako, kama wanne hivi wangepata presha mbaya mapema. Wakimeza hiki kidonge, wanabaki wawili au chini yake. Hatujui wewe ni nani kati yao, ndiyo maana tunawapa wote."

PlGF au PAPP-A ikiwa chini kupindukia, mama aangaliwe pia kwa utrasaundi ya kina, maana upungufu huo unaweza kuambatana na kasoro za kromosomu au mtoto asiyekua vizuri.

Aspirini, mpaka kidonge cha mwisho

Dozi ni 150 mg usiku, yaani vidonge viwili vya 75 mg, ianzwe kati ya wiki ya 11 na kabla ya 16, imezwe kila siku na kuachwa wiki ya 36. Mama mwenye uzito chini ya kilo 40 hupewa 100 mg. Miongozo ya WHO inataja 75 mg, na kama mwongozo wa nchi yako unasema hivyo, fuata huo. Lakini ASPRE ilipimwa kwa 150, na sisi tunaamini dozi hiyo ndiyo yenye ushahidi mzito zaidi. Asipewe mwenye mzio wa aspirini, vidonda vya tumbo vinavyouma sasa, au ugonjwa wa kutokwa damu.

Mweleze mama wazi kwamba hii si ile aspirini ya maumivu ya 300 mg inayouzwa dukani, na asimege hiyo kubahatisha robo. Mwambie pia mume au mama mkwe anayesimamia dawa nyumbani, kwa sababu neno "aspirini inatoa mimba" halichelewi kufika. Dawa humezwa na wengi wiki mbili za kwanza, kisha hulegea. Katika ASPRE waliomeza angalau asilimia 90 ya vidonge walifaidika zaidi kuliko waliorukaruka. Basi kila hudhurio mwambie aje na pakiti, na uhesabu vilivyobaki.

Kalsiamu ni suala jingine linaloendana na hili pale ambapo chakula cha kila siku hakina maziwa wala dagaa vya kutosha. WHO imependekeza gramu 1.5 hadi 2 kwa siku. Tafiti mbili zilizofanyika Dar es Salaam na Bangalore kwa wanawake 11,000 kila moja, wote wakiwa na mimba ya kwanza, zilizochapishwa 2024, zilionyesha kwamba 500 mg ilifanya kazi si chini ya 1,500 mg katika kuzuia priklampsia. Kidonge cha kalsiamu kaboneti cha 1,250 mg kina kalsiamu halisi ya 500 mg. Soma lebo usichanganye. Asikimeze pamoja na FEFO, kidonge cha madini ya chuma na asidi ya foliki, kwani kalsiamu huzuia madini ya chuma kuingia mwilini. FEFO asubuhi, kalsiamu mchana, aspirini usiku.

Pasipo na PlGF

Hapa ndipo vituo vingi vilipo, na bado kazi inafanyika. Historia na presha iliyopimwa kwa utaratibu wa hapo juu vinaingia kwenye kikokotoo hicho hicho. Hospitali yenye fedha kidogo inaweza kufanya kwa awamu mbili: wote wapimwe historia na presha, kisha PlGF ya wale tu waliobaki katikati, wasio wa hatari wazi wala wa usalama wazi.

Bila kikokotoo, tumia orodha. Sababu moja nzito inatosha kuanza aspirini: presha katika mimba iliyopita, presha ya siku zote, kisukari, ugonjwa wa figo, lupasi au ugonjwa wa damu kuganda. Sababu mbili za kati zinatosha pia: mimba ya kwanza, umri wa miaka 40 na zaidi, miaka zaidi ya 10 tangu uzazi wa mwisho, unene wa BMI (uzito ukilinganishwa na urefu) 35 na kuendelea, mama mzazi au dada aliyewahi kupata, au mapacha. Mama aliyefika wiki ya 17 kwa mara ya kwanza asirudishwe mikono mitupu. WHO inaruhusu kuanza kabla ya wiki ya 20, ingawa faida yake ni ndogo kuliko angekuja mapema.

Mwenye hatari kubwa apangiwe hudhurio za karibu zaidi kuanzia wiki ya 20, presha na mkojo kila mara. Kichwa kuuma bila kutulia, maluweluwe machoni, maumivu ya chembe ya moyo au chini ya mbavu za kulia, uso kuvimba ghafla: aje siku hiyo hiyo, hata usiku. Presha ya 160/110 ni dharura ya kushushwa ndani ya saa moja, na magnesiamu salfeti, dawa ya kuzuia degedege, iwe tayari. Baada ya kujifungua presha mara nyingi hupanda tena kati ya siku ya 3 na ya 6, wakati mama ameshatoka wodini, kwa hiyo apewe tarehe ya kurudi ndani ya siku hizo. Na kwenye kadi yake andika wiki na siku aliyojifungulia, uzito wa mtoto, na kama priklampsia ilitokea au la. Mkunga wa mimba ijayo atayahitaji hayo yote kujaza kikokotoo, na mama mwenyewe hatakumbuka wiki.